Utafiti wa Tiba ya Sumaku Usimsahau Mkulima wa Newala

Kati ya mwaka 1952 na 1953, homa isiyofahamika ilivivamia vijiji vya Masasi na Newala. Wagonjwa waliumwa viungo hata wakashindwa kusimama wima, na Kimakonde kikaupa ugonjwa huo jina linalotumika leo duniani kote: chikungunya, kilichopinda. Daktari Marion Robinson aliueleza kitaalamu mwaka 1955, na virusi vyake vikatengwa Entebbe, Uganda. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2023, miaka 70 baadaye. Uwanda wa Makonde ulitoa maarifa mapema, manufaa yakachelewa.

Historia hiyo inafaa kukumbukwa pale wafadhili na vyuo wanapofikiria kugharimia utafiti wa kuchochea ubongo kwa sumaku ili kutibu sonona. Katika tiba hii, koili huwekwa juu ya kichwa, na mapigo ya sumaku hupenya fuvu na kuamsha chembe za neva za sehemu ya mbele ya ubongo. Mgonjwa hubaki macho bila dawa ya usingizi. Kifaa cha aina hii kilioneshwa Sheffield, Uingereza, mwaka 1985, na Marekani ikakiidhinisha mwaka 2008 kwa wagonjwa wa sonona ambao dawa hazikuwasaidia. Wengine huumwa kichwa. Wachache sana hupata degedege. Kwa hiyo mwenye kifafa au chuma kichwani lazima achunguzwe kwanza.

Wapo wanaouliza: zahanati inapoishiwa amitriptilini, koili ya nini? Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba utafiti ufadhiliwe, ila kwa masharti.

Sharti la kwanza ni kuuliza maswali ya hapa. Tiba ya kawaida huchukua siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4 hadi 6. Mkulima wa Newala hawezi kuacha mikorosho msimu wa kupulizia dawa au wa kuokota, akapange chumba mjini muda wote huo. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha utaratibu wa siku 5 tu, wenye vipindi kadhaa kila siku. Je, utawafaa wagonjwa wetu? Je, muuguzi aliyefunzwa anaweza kuutoa katika hospitali ya mkoa, Mtwara? Umeme ukikatika, itakuwaje? Utafiti unaothibitisha tu kwamba sumaku hutibu utarudia yanayojulikana.

Sharti la pili, fedha zisichotwe kutoka kwenye dawa na unasihi. Sehemu yake iwafunze watoa huduma wa zahanati kuitambua sonona, kwa maana mgonjwa asiyelala, anayelalamikia kichwa na mapigo ya moyo, huweza kutibiwa malaria mara kwa mara bila nafuu. Asiyetambuliwa hatafika kwenye koili yoyote. Na anayetumia dawa leo asiziache kwa kusubiri mashine.

Sharti la tatu, matokeo yarudishwe Masasi na Newala kwa Kiswahili, na huduma ikithibitika ibaki baada ya watafiti kuondoka. Hayo yaandikwe katika mkataba kabla ya shilingi ya kwanza kutolewa.