Hiyo Sola ya Maajabu, Nani Atalipa Deni Ikifa?

Wasee, tulizeni boli. Wiki hii kila video ninayofungua inasema sola ya perovskaiti itaua silikoni, eti tungoje bei ishuke tununue. Niliacha chuo, kusoma sikuacha, na hii stori ina shimo.

Sikatai sayansi. Mwaka wa 2009 Miyasaka na wenzake kule Japani waligeuza asilimia 3.8 tu ya mwanga kuwa umeme. Leo maabara zimepita 26. Hiyo ni spidi ya ajabu. Lakini hiyo namba hupimwa paneli ikiwa mpya, na mvuvi wa omena hapa Mfangano hanunui upya, ananunua miaka.

Ndani ya silikoni atomi zimetulia, elektroni ndizo zinatembea. Ndani ya perovskaiti ioni zenyewe zinahama, hasa za iodini. Zinaruka kwenye mapengo kama abiria wa matatu wanaokimbilia kiti kilichoachwa. Jua likiwaka na joto likipanda, zinahama zaidi, zinarundikana ukingoni, zingine zinafika kwenye chuma kinachokusanya umeme na kuanza kukila. Usiku zingine zinarudi mahali pake. Zingine ndio hivyo tena.

Sasa vipimo vingi huwasha taa bila kuzima. Sisi tuko karibu na ikweta bana! Masaa 12 jua, masaa 12 giza, mwaka mzima, na unyevu wa ziwa juu yake. Perovskaiti na unyevu haziivani kabisa. Halafu zile zinazosifiwa zaidi zina madini ya risasi. Ikivunjika kwenye boti, yanaingia maji tunayokunywa.

Oxford PV walianza kuuza zao, perovskaiti juu ya silikoni, mwaka wa 2024, wakapelekea mradi mkubwa Marekani. Huko kuna mainjinia wa kubadilisha. Hapa kuna mkopo wa kulipa kila wiki.

Najua mtu ataniambia taa ya miaka miwili ni afadhali kuliko giza. Sawa, na mwaka wa tatu, deni bado liko, taa imezima, analipa nani? Silikoni nzuri huja na warantii ya miaka 25 ikiwa imeandikwa.

Kwa hivyo akija muuzaji Sena au Mbita, muulize itabaki na nguvu kiasi gani baada ya miaka mitano ya jua hili, na aonyeshe karatasi, sio video. Na wauzaji, najua mnasoma hapa. Jibuni.