Nani Aandike Habari za Kutekwa kwa Kilwa?

Tarehe 24 Julai, 1505, askari wa Kireno wapatao 500 waliteremka katika kisiwa cha Kilwa wakiongozwa na Francisco de Almeida. Mtawala wa mji, Amiri Ibrahim, alikwisha kukimbia, na jeshi hilo halikukutana na upinzani mkubwa. Mji uliporwa, ngome ikajengwa, na mtu mwingine, Muhammad Ankoni, akatawazwa kuwa sultani chini ya mfalme wa Ureno. Mambo hayo yalitokea mahali ambapo leo ni Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi. Mwanafunzi wa sekondari aliyeko Kilwa Masoko aweza kuvuka kwa mashua akayaona magofu ya mji huo kwa macho yake. Lakini akitaka kusoma habari zake kwa undani, atazipata kwa Kiingereza na Kireno kwa wingi kuliko kwa Kiswahili.

Upungufu huo sasa una dawa iliyo karibu. Wikipedia, kamusi elezo ya mtandao iliyoanzishwa mwaka 2001, ina toleo la Kiswahili tangu mwaka 2003. Kila asomaye aweza pia kuandika, kuongeza na kusahihisha. Rai inayofaa kutiliwa maanani na walimu ni kwamba kuandika na kuhariri kwa pamoja makala juu ya vita hivyo ni kazi halali ya darasa, na ni zoezi la sayansi kama lilivyo zoezi la maabara. Sharti lake ni moja: kazi hiyo iongozwe na ushahidi, wala si wingi wa sauti.

Jinsi kazi inavyofanyika

Makala ya kamusi hiyo ina sehemu tatu ambazo kitabu cha kawaida hakina. Ya kwanza ni historia ya makala, ambamo kila badiliko huhifadhiwa pamoja na siku na saa yake, hata mtu akaweza kulinganisha maneno ya leo na ya mwaka jana. Ya pili ni ukurasa wa majadiliano, ambamo wahariri huelezana sababu za kuongeza au kufuta jambo. Ya tatu ni tanbihi: kila dai lenye uzito latakiwa lionyeshe chanzo kilichochapishwa, ili msomaji aweze kukifuata mwenyewe.

Atazamaye kwa makini ataona kwamba huo ni utaratibu wa sayansi. Mtafiti huandika alichofanya, hueleza alikokipata, kisha huwaachia wengine nafasi ya kumkosoa. Tofauti ni kwamba hapa mlango uko wazi kwa wote, na kwa hiyo nidhamu yatakiwa iwe kubwa zaidi.

Mizani ya ushahidi

Vita vya Kilwa ni mfano mzuri wa kufundishia nidhamu hiyo, kwa kuwa ushahidi wake ni mchache na haulingani. Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwamo katika merikebu ya São Rafael, alisafiri na jeshi la Almeida, na maelezo yake ya safari yamebaki. João de Barros, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1552, hakupata kufika pwani hii. Alitumia hati zilizopelekwa Ureno, pamoja na tarikhi ya masultani wa Kilwa. Kwa upande wa Kilwa wenyewe ipo tarikhi ya Kiarabu, ambayo nakala yake alipewa John Kirk huko Unguja, na sasa imehifadhiwa London. Utangulizi wake waahidi sura kumi, lakini zilizobaki ni saba.

Basi wahariri wa makala wakabiliwa na swali jepesi kwa sura: mji ulikuwa na watu wangapi? Mayr ataja 4,000. Gaspar Correia, aliyeandika baadaye habari za safari ya Vasco da Gama ya mwaka 1502, ataja 12,000. Wahariri wawili wasiopatana huenda wakasuluhishana kwa kuandika 8,000. Suluhu hiyo yaweza kuleta amani baina yao, lakini imezaa tarakimu ambayo hakuna shahidi hata mmoja aliyeitoa. Njia iliyo sahihi ni kuziandika zote mbili, kueleza nani alisema nini, alikuwa wapi alipokisema, na ni kwa sababu gani mmoja aweza kuaminiwa kuliko mwenzake. Kupatana kwa watu si ushahidi. Mahali ambapo vyanzo vinagongana, makala njema huionyesha tofauti hiyo bila kuifunika.

Hali ni hiyo hiyo katika tarehe. Siku ya 24 Julai ni ya kalenda ya Julius, iliyotumika Ulaya kabla ya mwaka 1582. Kwa kalenda inayotumika leo siku hiyo ingekuwa 3 Agosti, na kwa hesabu ya Hijria ilikuwa ndani ya mwaka 911. Mhariri mmoja akibadili tarehe bila kutaja kalenda yake, na mwingine akairudisha, wote wawili waweza kuwa na haki, na ugomvi wao usiwe na mwisho.

Hata jina la makala lahitaji mizani. Yaitwe "vita", "uvamizi" au "kutekwa"? Waandishi wa Kireno walimhesabu Amiri Ibrahim kuwa mnyang'anyi wa kiti, na kumtukuza Muhammad Ankoni waliyemweka wao. Anayefasiri maneno yao bila kuyapima huwa amechukua pia hukumu yao. Kwa upande mwingine, anayeandika kwa hasira ya leo, akaongeza mapigano makali ambayo hakuna shahidi aliyeyaona, hawatendei haki watu wa Kilwa. Dhuluma yenyewe haihitaji chumvi. Kodi aliyotoza Vasco da Gama kwa nguvu mwaka 1502 imethibitika kwa dhahabu: chombo cha ibada kiitwacho Custódia de Belém, kilichokamilika mwaka 1506 na kilichopo Lisbon hadi leo, kina maandishi yasemayo kwamba kilitengenezwa kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa.

Hofu za walimu

Wako walimu wanaowakataza wanafunzi kuigusa kamusi hiyo, wakisema kwamba kitu kinachoandikwa na kila mtu hakiwezi kuaminiwa. Hofu yao ina msingi. Mwaka 2005 jarida la Nature lililinganisha makala 42 za sayansi za Wikipedia ya Kiingereza na zile za Encyclopaedia Britannica. Wataalamu walikuta makosa kama manne kwa kila makala upande wa kwanza, na kama matatu upande wa pili. Britannica waliupinga ulinganisho huo. Hata hivyo, somo moja lilibaki: kamusi ya wataalamu nayo ina makosa. Tena, matokeo ya makala za Kiingereza hayawezi kuhamishiwa kwenye za Kiswahili, ambako wahariri ni wachache na kosa laweza kukaa muda mrefu bila kuonekana.

Lakini uchache huo ni sababu ya kuingia kazini, wala si sababu ya kujitenga. Kosa lililo katika makala ya Kiswahili halitasahihishwa na msomaji wa Lisbon. Atakayelisahihisha ni ajuaye Kiswahili na aijuaye Kilwa. Kwa mfano, wageni wengi huiita ngome inayosimama ufukweni, yaani Gereza, kuwa ngome ya Wareno. Kwa kweli Wareno waliiacha Kilwa mwaka 1512, na sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo ni ya zama za Waomani, ingawa ndani yake mna mabaki ya ngome ya awali. Mwanafunzi aliyeusoma ukuta huo pamoja na mwalimu wake hadanganyiki kwa urahisi.

Ushahidi wa vinywa

Iko hoja nyingine nzito zaidi. Kamusi hiyo haikubali utafiti ambao haujachapishwa. Yaliyo katika vinywa vya wazee wa Kilwa Kivinje au Lindi hayana nafasi humo mpaka yachapwe mahali panapoaminika. Kanuni hiyo huzuia uzushi, lakini pia humpa sauti zaidi yule ambaye babu zake walikuwa na wino na mitambo ya kuchapa. Katika vita vya mwaka 1505 matokeo yake ni wazi: walioteka wana kurasa nyingi, na waliotekwa wana chache.

Kuilalamikia kanuni hakutoshi. Njia ilikwisha kuonyeshwa. Katika miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifanya utafiti wa Vita vya Maji Maji, na wanafunzi wakaenda vijijini kuandika maneno ya wazee. Ushahidi huo ulihifadhiwa na kutumiwa, na leo hakuna mwanahistoria wa vita hivyo awezaye kuupuuza. Maneno ya mdomo yaligeuka kuwa chanzo kwa kuandikwa kwa utaratibu: jina la msemaji, mahali, siku na swali aliloulizwa. Kwa vita vya mwaka 1505 haiwezekani kumpata shahidi aliyeona. Lakini masimulizi ya mji, majina ya mahali, na maelezo ya makaburi na visima bado yapo, na kila mwaka yanapungua. Vyuo vikuu na Idara ya Mambo ya Kale vina wajibu wa kuyachapa, na kuyachapa kwa Kiswahili.

La kufanya

Shule yaweza kuanza bila kungoja. Darasa ligawanywe makundi matatu: moja lisome vyanzo vya Kireno vilivyofasiriwa, la pili tarikhi ya Kilwa, la tatu taarifa za wanaakiolojia, hasa za Neville Chittick, aliyechimba Kilwa na kutoa kitabu chake mwaka 1974. Kila kundi liandike aya chache katika daftari, na kila sentensi iwe na chanzo. Kisha makundi yabadilishane kazi na kukosoana. Mwisho wa muhula, yaliyostahimili ukosoaji yapelekwe kwenye kamusi chini ya uangalizi wa mwalimu, pamoja na picha za magofu zilizopigwa na wanafunzi wenyewe. Shule isiyo na kompyuta za kutosha yaweza kumaliza hatua zote isipokuwa ya mwisho, na kwa ile ya mwisho simu moja ya mwalimu yatosha.

Wanafunzi waelezwe mapema kwamba maandishi yao yatabadilishwa na watu wasiowajua. Hilo si tusi. Anayefuta aya aulizwe sababu katika ukurasa wa majadiliano, naye aliyeiandika awe tayari kuonyesha chanzo chake au kukubali kwamba hana.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mawe yake yamepata walinzi. Habari zake kwa Kiswahili bado zinawahitaji, na walinzi hao wako madarasani kuanzia Kilwa Masoko hadi Lindi.