Mahindi ya Illasit: Kagueni Gunia, Msifunge Mpaka

Ukitoka Loitokitok kwenda Taveta, kabla hujafika Njukini wapita Illasit. Upande huu ni kaunti ya Kajiado, ng'ambo ni Tarakea ya wilaya ya Rombo, Tanzania, na wote wako chini ya mlima mmoja. Huko mpaka ni soko. Mahindi, maharagwe na ndizi huvuka kuja huku, na bidhaa za madukani huvuka kwenda kule. Msomaji wa Mombasa au Kilifi asidhani hayamhusu. Nyanya na vitunguu vya Loitokitok vyafika Kongowea, na bei ya unga wa sima yetu yategemea sana mahindi yanayotoka kwa jirani, kwa sababu Kenya kwa kawaida hailimi ya kujitosheleza.

Tarehe 5 Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula, AFA, iliandika barua ya kuzuia mahindi yote ya Uganda na Tanzania. Sababu ilikuwa aflatoksini, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita sumukuvu. Hakukuwa na tarehe ya mbele ya kuwapa watu nafasi. Malori yaliyokuwa njiani yakakwama mpakani. Siku tano baadaye, tarehe 10, marufuku ikaondolewa na masharti yakawekwa: muagizaji asajiliwe, aoneshe ghala lake, awe na cheti cha mahali mahindi yalikolimwa, na cheti cha vipimo kuonesha sumu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni.

Wanaotetea soko huria waliona pale ushahidi wa wanayoyasema siku zote, kwamba serikali ikitia mkono hata njaa huleta. Mimi nakubaliana nao nusu. Aflatoksini haionekani kwa macho wala hainusiki. Mama anayenunua kilo mbili hana njia ya kujua, na muuzaji mwenyewe huenda hajui. Inaharibu ini, na ikizidi inaua kwa siku chache. Mwaka 2004, Ukambani, watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Soko peke yake halikuwaokoa.

Lakini tuwe wakweli kuhusu mahindi yale ya 2004. Hayakutoka Tanzania. Mengi yalilimwa huko huko Makueni na Kitui, yakavunwa na kuwekwa kabla hayajakauka. Ukungu hauna pasipoti. Unataka unyevu na joto tu, na mahindi yakikaushwa hadi unyevu uwe chini ya asilimia 13.5 hupati tabu nao sana. Basi kufunga mpaka kwa ajili ya sumu inayoota hata ghalani kwako ni kumkagua mgeni na kumwacha mwenyeji.

Waislamu tunakijua kisa cha Mtume (SAW) sokoni, alipotia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikatoka na maji. Alimkemea muuzaji kwa kuficha kilicholowa chini badala ya kukiweka juu watu wakione. Soko hakulifunga. Na ni yeye huyo huyo aliyekataa kuwapangia watu bei walipomwomba. Kwa mtazamo wangu, mipaka ya serikali sokoni iko hapo: itie mkono ndani ya gunia, iondoe mkono kwenye bei na njia.

Jengine ni kwamba marufuku huua ukaguzi wenyewe. Forodhani pakifungwa, njia za panya hazifungwi. Gunia lapakiwa kwenye bodaboda usiku, halipimwi na yeyote, na atakayelizuia huenda anatafuta chai, si sumu. Mlaji hula mahindi yale yale, ila sasa ni ghali zaidi na hayana cheti.

Na tusijifanye malaika peke yetu, wala kumwona jirani shetani. Mwaka 2017 Tanzania ilikamata ng'ombe 1,325 wa wafugaji wa Kenya ikawapiga mnada, na vifaranga 6,400 vikachomwa Namanga. Mwaka 2023 ikataka wanaotoa nafaka wawe na kibali na kampuni iliyosajiliwa kwao. Malori yakapanga foleni tena. Julai 2025 ikawakataza wasio raia biashara 15 ndogondogo, ikiwemo kununua mazao shambani. Haya yote chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kazi Julai 2010. Dodoma na Nairobi zasaini pamoja, kisha kila mmoja aenda zake kuandika barua.

Kinachonisumbua zaidi ni ukubwa wa sheria kwa mtu mdogo. Jumuiya ina utaratibu mwepesi kwa mzigo usiozidi dola 2,000: fomu ya asili ya bidhaa mpakani, yatosha. Lakini cheti cha aflatoksini hakijui mdogo wala mkubwa. Mwenye lori zima ataigawa gharama ya kipimo kwa mamia ya magunia. Mwanamke wa Tarakea mwenye magunia matatu ataibeba kwa matatu. Serikali ikitaka apime, iweke kipimo cha haraka pale pale forodhani, wadogo wapimiwe kwa kikundi, na majibu yatoke siku hiyo hiyo. Kisha wakaguzi hao hao waende na kwenye maghala yetu, ya serikali yakiwemo.