Mabaharia wa Tanganyika wafunzwe melini

Mfanyabiashara anayepakia saruji Mpulungu, Zambia, ili ishushwe katika bandari ya Bujumbura, hukagua bei, uzito, nyaraka za forodha na siku ya kuondoka. Ni mara chache anauliza nani atashika usukani usiku, na alijifunzia wapi.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na upepo wa kusini wakati wa kiangazi huinua mawimbi makubwa. Afrika Mashariki inajua gharama ya meli kuendeshwa bila nidhamu. MV Bukoba ilizama mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, zote katika Ziwa Victoria, zikiwa zimejaza kupita kiasi. Mamia ya watu walikufa. Afisa aliyefunzwa vizuri husoma alama ya ujazo ubavuni mwa meli na hukataa gunia la ziada, hata mwenye mzigo akinung'unika.

Vyuo vipo. Kijana wa Burundi anaweza kusoma ubaharia Dar es Salaam au Mombasa. Kikwazo huanza akitoka darasani. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia wa mwaka 1978 unamtaka anayetafuta cheti cha afisa wa zamu awe amefanya kazi melini angalau miezi 12, chini ya mpango ulioidhinishwa wenye daftari la mafunzo. Bila mpango huo, ni miezi 36. Lakini mkataba huo ni wa meli za baharini. Kwenye maziwa, kila nchi hujiwekea kanuni zake.

Mataifa tajiri hutatua tatizo hilo kwa kujenga meli za mafunzo. Mwaka 2023 chuo cha ubaharia cha New York, Marekani, kilipokea meli mpya yenye nafasi ya wanafunzi 600. Burundi haina haja ya kusubiri meli ya namna hiyo. Meli za mizigo zinazopita kati ya Bujumbura, Kigoma, Kalemie na Mpulungu zinaweza kuwa darasa tosha.

Kinachohitajika ni makubaliano ya nchi nne. Kila meli ya mizigo ya ukubwa utakaokubaliwa itenge vitanda viwili kwa wanafunzi. Daftari la mafunzo liwe moja, ili miezi ambayo kijana wa Bujumbura ameitumikia katika meli ya Tanzania au ya Kongo ihesabiwe popote. Jumuiya ya Afrika Mashariki peke yake haitoshi, kwa kuwa Zambia si mwanachama. Hata hivyo nchi hizo nne zilisaini mkataba wa ziwa mwaka 2003, na makao ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yako hapa Bujumbura. Ingawa kazi yake kubwa ni mazingira, meza ya kukutania ipo.

Wenye meli watasema chakula na bima ni gharama. Hoja hiyo ni ya haki, na jibu lake ni bandari kupunguza ada kwa meli inayobeba wanafunzi. Ipo pia hatari ya vijana kugeuzwa vibarua wa kufagia sitaha. Ndiyo maana nahodha asaini daftari kila zamu, na mkaguzi wa bandari alipitie meli inapotia nanga.

Wafanyabiashara wasiliache suala hili kwa mawaziri pekee. Nauli ya shehena inatoka mfukoni mwao, na meli ikizama, mali inayopotea ni yao. Vyama vyao vikikaa na wenye meli kujadili nauli, viulize pia: meli hii ina wanafunzi wangapi, na nani anawafundisha? Mchelea mwana kulia hulia yeye.