Wateja wanapita shambani, tunawatazama tu

Katika mwaka mmoja tumetembea njia kadhaa za milimani, zile ambazo mtu hutoka asubuhi na kurudi jioni. Maporomoko ya Sanje, Udzungwa, yenye urefu wa meta 170, ni mazuri, ila yanataka magoti ya kijana. Iliyotuvutia kuliko zote ni njia ya Irente, Lushoto. Kutoka mjini ni kilometa zipatazo sita, ukikatiza mashamba na nyumba za watu, hadi mlima unapokatika ghafla na kuiona Mazinde na nyika yote chini yako.

Lakini njiani Januari tulikuta plamu zikioza chini ya miti, nasi tumebeba biskuti za dukani. Hakuna aliyetuuzia hata moja!

Materuni, Moshi, wenzetu wameamka. Mgeni akitoka kwenye maporomoko huonyeshwa kahawa inavyokobolewa, kukaangwa na kutwangwa kwenye kinu, kisha huinywa na kulipa. Fedha hiyo haisubiri mnada.

Mkulima aliye kando ya njia anahitaji meza, maji safi ya kuoshea matunda na bei isiyobadilika kwa kutazama sura ya mteja. Serikali za vijiji nazo zijirekebishe. Kwenye njia moja tulitozwa ushuru mara mbili bila stakabadhi. Ada iwe moja, ibandikwe ubaoni, mapato yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na mwenye shamba linalokanyagwa apate chake.