Bunduki ya zamani nayo inaua



Wiki iliyopita niliona watoto wakicheza vita kando ya Lualaba. Mmoja alishika kijiti cha muhogo, akasema yeye ni Rambo. Mwingine alikuwa na kipande cha bomba. Wenzake wakamcheka: "Weye uko na poupou tu, hauwezi kuua mutu!"

Watoto wanasema wanayosikia kwetu wakubwa. Tunaposikia neno silaha tunafikiria kalash peke yake. Poupou tunaiita chombo cha mwindaji, kitu cha zamani kisichohesabiwa.

Lakini kalash yenyewe ni mzee. Mikhail Kalashnikov aliitengeneza mwaka 1947, na jeshi la Urusi ya wakati ule likaipokea 1949. Ina umri wa babu zetu, na bado inafukuza watu vijijini. Chuma kikipakwa mafuta hakizeeki upesi. Sinema nazo zinatudanganya: shujaa anapiga risasi dakika nzima bila kujaza. Kalash ya kweli yenye risasi 30 inazimaliza kwa sekunde kama tatu ukishikilia tu. Sekunde hizo tatu zinatosha kuacha nyumba bila baba.

Na poupou? Fundi wa chuma anaitengeneza kwa bomba na mbao, baruti na vipande vya chuma vinasukumwa ndani kwa mdomo wake. Inapiga mara moja, halafu lazima ujaze tena. Ni kweli. Lakini mwaka 1960 na 1961, vijana wa Balubakat walipopigana na jandarmeri ya Katanga ya Tshombe, walibeba poupou, mishale na minyororo ya baiskeli. Miaka zaidi ya 40 baadaye, wakati wa Maï-Maï wa Gédéon, aliyejisalimisha Mitwaba mwezi wa Mei 2006, poupou zilikuwa bado porini pamoja na kalash. Mama anayekimbia usiku na mtoto mgongoni hasimami kuuliza bunduki ile ni ya mwaka gani.

Najua jibu la wawindaji: "Tukitoa poupou, tutakula nini? Nani atalinda shamba?" Swali hilo ni la haki. Sheria ya silaha ya mwaka 1985 inataka kila mwenye bunduki awe na ruhusa. Basi mwindaji wa kweli ajulikane kwa shefu wa kijiji na kwa serikali, na bunduki yake iandikwe. Ile inayofichwa chini ya kitanda bila mtu kujua, hiyo siyo ya kuwinda.

Mimi naona hivi. Programu ya kunyang'anya silaha, ile P-DDRCS iliyoundwa mwaka 2021, isihesabu kalash peke yake. Na anayetoa bunduki apewe kitu cha kumlisha. Wazee wanakumbuka shirika la PAREC la mchungaji Ngoy Mulunda, lililobadilisha bunduki kwa baiskeli hapa kaskazini mwa Katanga. Kinga moja inabeba samaki na mihogo mpaka sokoni, mtu anarudi na feza. Wengine watasema mtu atatoa bunduki mbovu na kubakiza nzuri. Inawezekana. Lakini hata ile mbovu, fundi angeitengeneza kesho. Ivunjwe mbele ya watu wote, ili isirudi kwa mlango wa nyuma.

Familia zilizohama zinaniuliza kila siku: turudi lini? Mimi siwezi kutaja siku. Ila najua mtu hawezi kulala vizuri kwake kama jirani ameficha poupou ya vita iliyopita na anaingojea ijayo.

Wenye kuzificha, mnajijua. Zitoeni.