Mashine ya kuruka mbele ya televizioni: tusinunue

Wazazi wa Manguredjipa, na ninyi wakimbizi wa vita mliopokelewa Butembo, tusidanganyane. Kuna wanaosema: watoto wanafungiwa nyumbani kwa ukosefu wa usalama, basi tuwanunulie ile michezo ya video inayofuata mwendo wa mwili, warukeruke ndani.

Sababu yao naielewa. ADF wamefukuza watu mashambani, na mtoto asiyekimbia anaharibika roho. Lakini hesabu yao haisimami.

Wii ya Nintendo ilitoka mwaka 2006. Kinect ya Microsoft ilitoka 2010, na 2017 wakaacha kuitengeneza. Hiyo okazioni unayouziwa ikikufa, vipande utavitoa wapi? Manete ya Wii inakula batri mbili ndogo. Kinect inataka mchezaji asimame karibu meta mbili mbele yake; katika chumba chenye familia tatu, hizo meta mbili ndizo watu wanalalia. Bado televizioni, bado pano ya jua na betri yake. (Wenye jenereta wanajua bei ya mafuta.)

Pesa hiyo inunue mupira wa kweli na kamba za kuruka. Watoto wa wenyeji na wa wakimbizi wacheze pamoja kwenye uwanja wa shule, mzazi mmoja akiwaangalia. Mfanyabiashara akitaka kuweka mashine yake na kulipisha wachezaji, shauri yake. Lakini mfadhili akitaka kuwaletea wakimbizi kitu hicho, nitamuuliza kwanza kama ameona mahali wanapolala.